Wazee wetu waliopigana Kagera, mbona hawataki kusimulia?

kijana_wa_mwaloni

Wakuu habari za humu. Naomba niende moja kwa moja, maana hili jambo liko kifuani tangu mwezi wa tano.

Babu yangu mzaa baba tulimzika mwezi huo kwetu Majita, Musoma Vijijini. Alikuwa mmoja wa mgambo walioitwa mwisho wa 1978, Amin alipovuka mpaka akachukua ile ardhi yetu yote ya kaskazini ya mto Kagera. Aliondoka na miaka kama 24, kamwacha bibi na mtoto mchanga (huyo mtoto ndo baba yangu), akarudi 1979 na kovu la mkono wa kushoto na blanketi la jeshi ambalo mpaka anakufa hakuna mtu aliruhusiwa kulifua isipokuwa yeye.

Maisha yangu yote nimemsikia akiigusa ile vita mara mbili tu. Mara ya kwanza redioni walikuwa wanarudia ile hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, ile ya uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, sote tukawa tunaitikia kama wimbo. Babu akasikiliza mpaka mwisho, akasema "alisema kweli", akachukua jembe akaenda shamba, na ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Mara ya pili nilikuwa darasa la tano, mwalimu katutuma tuulize wazee kuhusu vita vya Kagera. Nikamwendea na daftari. Akaniambia "andika tulishinda". Nikamwambia mwalimu anataka ukurasa mzima. Akasema "basi andika kwa herufi kubwa".

Sasa siku ya mazishi walikuja wazee watatu ambao sisi wajukuu hatukuwajua. Walikuja kwa daladala, makoti yale ya zamani, mmoja anatembelea mkongojo. Hawakukaa kwenye viti vya heshima. Jeneza lilipokuwa linashuka wakasimama pembeni ya kaburi wakapiga saluti wote watatu kwa pamoja bila mtu kuwaambia, na yule wa mkongojo aliuachia mkongojo ukaanguka. Wakuu mimi sijalia msiba wote ila hapo nililia.

Baadaye wakakaa chini ya mwembe wanaongea kwa sauti ya chini, mmoja anachora chini na kijiti. Nikapeleka chai. Nilipofika tu wakanyamaza, mmoja akafuta mchoro kwa mguu, wakaanza kuniuliza habari za mvua na bei ya dagaa. Nikakaa hapo dakika ishirini tukaongelea dagaa.

Yule aliyekuwa anachora anaishi karibu na Musoma mjini, anashona nyavu mwaloni. Nimeshamfuata mara mbili. Mara ya kwanza nilimuuliza "Shikamoo babu, naomba unisimulie vita ilikuaje, ulikuwa na babu yangu wapi". Akajibu "Lukaya". Nikauliza Lukaya kulikuwa na nini. Akasema "kulikuwa na maji". Basi. Mara ya pili hata hiyo Lukaya hakuirudia.

Naomba ushauri kwa wenye wazee wa hivi. Babu yangu kashaondoka na sikumjua, kwakweli nakiri sikumjua, na hawa watatu waliobaki wote wako juu ya miaka 70. Nifanyeje? Au niache?

MtiMkuyu

Pole kwa msiba mkuu. Acha. Mzee kama hataki kusema ana haki yake, wewe unataka kujua ili iweje? Alishapigana, akarudi, akakulelea baba yako. Hiyo inatosha. Vijana wa siku hizi kila kitu lazima kisimuliwe, kirekodiwe, kiwekwe status.

kijana_wa_mwaloni

Sijataka kuweka status mkuu. Nataka kujua kwanini mtu aliuachia mkongojo wake akasimama kwa ajili ya babu yangu.

MtiMkuyu

Hapo nimekuelewa. Samahani.

Koplo_wa_zamani

Mleta mada, nimesoma uzi wako nikaweka simu chini, nikairudia baada ya kula. Mimi sio wa Kagera, nilikuwa sijazaliwa. Mimi nilienda Kongo na ile brigedi ya kulinda amani, upande wa Beni. Tarehe 7 Desemba 2017 wenzetu 14 waliuawa pale Semuliki na waasi wa ADF. Sikuwa kambi ile usiku ule ila niliwajua baadhi yao kwa majina na kwa utani, na mmoja wao alikuwa na deni langu la elfu kumi na tano ambalo siku zote nilikuwa namtania nalo.

Nikuambie kitu watu wa nyumbani hawakijui. Ukirudi, wa kwanza anakuuliza umeleta nini. Wa pili anakuuliza umeua wangapi. Hakuna wa tatu. Hayo maswali mawili ukiyasikia mara kumi unajifunza kufunga mdomo, na mdomo ukishazoea kufungwa hata mtu mwema akija na swali jema unamwona ni yule yule. Mimi mke wangu alikuja kujua habari ya lile deni mwaka jana, miaka mingi baadaye, tukiwa tunamenya viazi.

Lingine ni kiapo. Sisi tunafundishwa mambo ya jeshi hayatoki nje, na wale wazee walifundishwa hivyo kipindi ambacho nchi ilikuwa vitani kweli na mabango ya kuchunga midomo yako kila ofisi. Hakuna aliyewaita baadaye akawaambia sasa mnaweza kusema. Unaweza kukuta mzee wa miaka 75 mpaka leo anaamini akitaja waliingia Masaka kwa njia ipi anavunja kiapo. Usicheke, wapo, nimekaa nao.

Ushauri wangu. Usimuulize vita. Muulize viatu. Mwanajeshi wa miguu anakumbuka viatu vyake kuliko kitu chochote. Hawa watu walitoka mpakani Mutukula wakaenda mpaka Kampala sehemu kubwa kwa miguu, na wengine wakaendelea mpaka mpaka wa Sudani mwezi wa sita 1979. Muulize walikula nini, nani alikuwa mpishi, nani alikuwa anakoroma. Na usikae mbele yake ukimwangalia usoni kama afisa anayehoji, kaa pembeni ushike hiyo nyavu ushone na wewe.

nesi_wa_usiku

Namuunga mkono koplo hapo juu. Nimefanya wodi ya wanaume miaka kumi na moja. Wazee wa vita unawajua usiku. Mchana mpole, anasema asante mwanangu kwa kila kidonge, saa nane usiku anakaa kitandani anaita majina. Sio kelele, anaita kama mwalimu anayeita mahudhurio, anasubiri kidogo kila jina. Kulikuwa na mmoja nilijifunza kumwitikia "yupo" kwa kila jina basi analala. Asubuhi nikamuuliza ulikuwa unaita akina nani baba, akasema sijaita mtu.

Kwaiyo mleta mada usidhani hawataki kukumbuka. Wanakumbuka kila siku. Ni wewe tu hawataki uingie humo ndani, wanaona ni pachafu na wewe ni mtoto wao.

Eastlands_Kenya

Niaje wadau wa TZ. Sisi huku pia tuko na hii story. Guka yangu, yaani babu, alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wazee wanaita keya, alipelekwa Burma na lile divisheni la kumi na moja la Afrika Mashariki, 1944, wakapita kwa bonde moja inaitwa Kabaw wakati wa mvua ya huko, malaria inamaliza watu kuliko Wajapani. Hapa Nairobi tuko na soko mzima inaitwa Burma karibu na City Stadium, watu wananunua nyama hapo kila Jumapili na wengi hawajui ilitoa jina wapi.

Guka hakuwahi sema kitu. Lakini kila jioni, hata Januari kukiwa kukavu namna gani, alikuwa anavua soksi anazianika juu ya moto, anakagua vidole vya miguu kimoja kimoja, halafu anakuja kukagua vyetu sisi watoto. Tulikuwa tunamcheka. Tulikuwa tunamwita daktari wa vidole. Alikufa 1993. Juzi juzi nikisoma kuhusu huko ndio naona wanajeshi walikuwa wanaoza miguu kwa matope, unavua boot ngozi inabaki ndani. Nilikaa kwa matatu nikashikwa na machozi watu wakaniangalia. Alikuwa anatuambia kila jioni, miaka yote hiyo, na sisi tulikuwa tunacheka.

Fuata huyo mzee bro. Usiache.

msomaji_wa_kale

Ngoja niongeze upande wa historia kidogo, kwa sababu mzee alikutajia Lukaya na "maji", na hayo maneno mawili yana uzito kuliko unavyodhani.

Lukaya ni mji mdogo kati ya Masaka na Kampala, barabara yake inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi kikubwa cha mafunjo. Masaka ilikuwa imetekwa tarehe 24 Februari 1979. Wakati huo Gaddafi alikuwa ameshatuma askari wake kumsaidia Amin, wamekuja na vifaru na yale makombora ya Katyusha. Jioni ya tarehe 10 Machi brigedi yetu ya 201 ilikuwa imeingia Lukaya. Hii brigedi, chini ya Imran Kombe, karibu yote ilikuwa mgambo, watu waliokuwa wanalima na kuvua miezi minne mitano nyuma. Walibya wakawafyatulia makombora. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao yakaangukia nyuma, lakini ule mlio na ule moto hawakuwahi kuona maishani, safu zikavunjika, watu wakakimbilia kinamasini gizani.

Usiku huo huo brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, ambayo ilikuwa mbali pembeni, ikaamriwa ikate ije itokee barabara ya Kampala nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 wakatokea, na ile 201 ikajipanga upya ikarudi kushambulia kutoka mbele. Adui akabanwa katikati. Hapo ndo mgongo wa jeshi la Amin ulivunjika, mwezi mmoja kamili baadaye Kampala ikaanguka.

Sasa angalia. Sisi tunaimba ushindi wa Lukaya. Kama babu yako na huyu mzee walikuwa mgambo wa 201, usiku wa kwanza wao hawakuwa wanashinda, walikuwa kwenye maji mpaka kiunoni hawajui mwenzao yuko wapi. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini mtoto wa darasa la tano mwenye daftari? "Andika tulishinda" ni jibu la kweli kabisa, na huenda ndilo pekee aliloweza kulitoa bila kusema uongo. Nisingemlaumu mtu yeyote aliyekimbia usiku ule, na kurudi asubuhi kuikabili barabara ile ile naona ni kazi ngumu kuliko kutokukimbia. Lakini wao wenyewe hawajioni hivyo, nimekutana na wawili na wote wawili walianza kwa kujitetea kabla sijawauliza chochote.

Hata mkuu wao wa divisheni ya 20, Jenerali Musuguri wa huko huko kwenu Mara, aliyefariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, alianzia keya mwaka 1942 akafika Madagascar. Kule juu kulikuwa na watu waliokomaa kwa vita. Mgambo hawakuwa na hiyo, walikuwa na wiki chache za mafunzo na bunduki.

kijana_wa_mwaloni

Mkuu umenifanya nikae chini. Babu alikuwa haoni vizuri miaka ya mwisho lakini hakukubali kabisa kuvushwa kijito cha nyuma ya nyumba kukiwa na giza, hata kwa kushikwa mkono. Tulidhani ni uzee.

Binti_Missenyi

Naomba na mimi niseme japo mnaongelea askari. Mimi kwetu ni Missenyi, Kagera, huko kwenyewe. Bibi yangu alikuwa na miaka 19 siku Amin alipoingia. Mnaposema "alichukua ardhi", ile ardhi ilikuwa na migomba na watu. Raia wapatao 1,500 waliuawa. Ng'ombe walifagiliwa wote wakapelekwa ng'ambo. Daraja la Kyaka likalipuliwa mwanzoni mwa Novemba, kwaiyo waliochelewa kuvuka wakabaki upande wa pili wa mto. Ukipita Kyaka leo utaona lile kanisa lililobomolewa na mabomu limeachwa vile vile kilimani.

Na sisi raia pia hatusimuliani. Bibi anasema "tulipokuwa safari". Miaka yote nilijua bibi aliwahi kusafiri. Nimekuja kujua ukubwani kuwa safari ni kukimbia na mtoto mgongoni usiku, na mtoto mwenyewe hakufika.

Ila kuna kitu kimoja bibi anasimulia bila kuulizwa. Waliporudi wakakuta askari wetu wamepiga kambi, vijana wa kutoka mikoa ambayo bibi hakuijua hata kwa jina, wengine Kiswahili chao yeye hakielewi vizuri. Mmoja akampa nusu ya biskuti ngumu za jeshi na akamsaidia kuezeka upya jiko, halafu wakaondoka na asubuhi hawapo. Bibi hakuuliza jina. Anasema mpaka leo kinamuuma, kuwa hakuuliza jina wala hakumpikia chochote maana hakukuwa na kitu cha kupika.

Kaka, ukienda tena kwa yule mzee mwambie tu kuna bibi mmoja Missenyi anasema asante. Usiulize chochote, mfikishie tu.

Mpita_njia77

Binti hapo juu umeniliza kazini.

Mimi niseme tu na jambo la kiserikali kidogo bila kumtaja mtu. Wengi wa mgambo wale walirudi vijijini wakapewa asante na usafiri, basi. Askari wa kudumu walipata pensheni, mgambo wengi hawakuwa na hiyo. Wamerudi nchi imechoka, Mwalimu ameomba miezi 18 ya kufunga mikanda, sukari hakuna, sabuni hakuna. Mtu ametoka Kampala anaitwa mkombozi anakuja kupanga foleni ya unga. Na ukimuuliza leo anajua unamuuliza hadithi, ila hakuna aliyemuuliza anaishije. Mjomba wangu alikuwa anasema "wananikumbuka Julai tu", anamaanisha Siku ya Mashujaa.

Kwaiyo ukienda nenda na kitu. Sio kumnunua. Kilo mbili za sukari na sabuni, kama unavyomtembelea mkubwa wako.

kijana_wa_mwaloni

*(baada ya wiki sita)*

Wakuu nimerudi. Nimeomba ruhusa kwa mzee kuandika, amekubali mradi jina lake lisitajwe wala la yule mwingine nitakayemweleza. Vumilieni, itakuwa ndefu na sijui kuipanga.

Nilifuata ushauri wa koplo. Nilienda na sukari, nikakaa pembeni, nikaomba anifundishe kushona nyavu. Jumamosi ya kwanza hatukuongea kitu zaidi ya nyavu, nilikuwa nafunga fundo vibaya anafungua, nafunga anafungua. Jumamosi ya pili nikamuuliza viatu. Koplo Mungu akubariki. Aliniangalia kama vile nimemtajia ndugu yake. Alipewa viatu namba tisa na yeye anavaa saba, akajaza magunia mbele, akatembea navyo mpaka Masaka, hapo akapata vya saizi yake na hakuniambia alivipata kwa nani na sikuuliza. Tangu hapo akafunguka upande wa mambo madogo. Walivyopandishwa meli Mwanza usiku kwenda Bukoba na wengi hawajawahi kupanda meli kubwa, wavuvi wa Majita wakawa ndo wanawashika wenzao wa Dodoma wanaotapika. Walivyofika Uganda wakapewa ndizi asubuhi mchana jioni, babu yangu akagoma siku mbili anataka ugali wa muhogo, mpaka akaitwa jina la utani Muhogo. Babu yangu! Muhogo! Sisi nyumbani tulikuwa hatulijui hilo jina na kumbe kuna watu hawakumjua kwa jina lingine. Na walivyokuwa wanapita vijijini watu wanatoka barabarani wanapiga vigelegele wanawaita Bakombozi, kuna mama mmoja alimvalisha taji la majani akalivaa kichwani siku nzima chini ya chepeo.

Jumamosi ya tano nikamfikishia salamu za bibi wa Missenyi. Nilimwambia kama ilivyo, biskuti, jiko, hakuuliza jina. Mzee akaacha kushona. Alikaa kimya muda mrefu mpaka boti za jioni zikaanza kuwashwa. Akasema "tuliezeka majiko mengi". Halafu akaanza mwenyewe, hakuna nilichouliza.

Alisema ilikuwa jioni na manyunyu. Wameshaingia pale mjini, wengine wanaanza kuwasha moto wa kupikia. Halafu mbingu ikapasuka. Anasema sio kama bunduki, ni kama mtu anachana shuka juu yako, shuka refu lisiloisha, kisha ardhi inaruka. Mkuu msomaji, uliyosema ni sawa, yalikuwa yanapita juu, lakini alisema "sisi tungejuaje yanapita?" Mtu wa kwanza alikimbia, wa pili akakimbia, na yeye akakimbia. Alilisema hilo neno "nilikimbia" akiwa anaangalia mikono yake. Akatupa begi. Akaingia kwenye mafunjo, maji yakamfika kifuani, na yeye ni mvuvi anajua kuogelea ila pale huogelei, matope yanakushika miguu na yale mabua yanakufunga.

Walikuwa watatu pamoja tangu Musoma. Yeye, babu, na kijana mmoja wa Newala ambaye walimchukua kama mdogo wao kwa sababu alikuwa na miaka 19 na hajui maji kabisa. Gizani babu akamshika huyu mzee mkanda kwa nyuma na mkono wa kulia, na yule kijana akamshika kwa mkono wa kushoto, akasema tusiachane. Wakaenda hivyo, hajui muda gani. Kitu kikapasuka karibu, na hapo ndo mkono wa kushoto wa babu ulipochanika, lile kovu. Mkono ukaachia.

Huyo babu ndo aliyekuwa anakubali kuvushwa kijito mchana tu.

Alfajiri wakatoka kwenye maji wawili, wakaambiwa jipangeni, wakajipanga. Wakarudi kwenye ile barabara. Anasema babu alifungwa mkono kwa kitambaa cha begi la mtu, akaambiwa rudi nyuma kwa daktari, akakataa, akasema anarudi kumtafuta mdogo wake. Walimpata mchana, baada ya mapigano kuisha. Anasema babu alikaa naye pale akamfunika na blanketi lake.

Wakuu lile blanketi.

Mzee akasema waliporudi walikubaliana wao wenyewe wasilisimulie, kwa sababu wangelisimulia wangelazimika kusema walikimbia, na yule kijana wa Newala hakupata nafasi ya kurudi asubuhi kama wao. Yeye angebaki kwenye hadithi kama mtu aliyekimbia tu. Hawakutaka hivyo. Kwaiyo wakanyamaza wote wawili, miaka yote hiyo, na wale wazee wengine wawili walijua wakanyamaza pia. Ule mchoro chini ya mwembe alikuwa anawaonyesha wenzake mahali walipomkuta, maana walikuwa wanabishana upande gani wa tuta.

Nilimuuliza kwanini ameniambia sasa. Akasema "Muhogo hayupo, mimi nikienda nani atajua kuna mtoto alikuwepo?"

msomaji_wa_kale

Nimesoma mara tatu. Mkuu naomba nikuambie hivi, kwa ninavyoona mimi yule kijana alikuwa na amri moja tu usiku ule, asimwachie kaka yake, na hakuachia yeye.

Koplo_wa_zamani

Saluti.

nesi_wa_usiku

Kwaiyo blanketi liko wapi sasa?

kijana_wa_mwaloni

Bibi alitaka kumzika nalo babu, baba akakataa akasema ni uchafu, likabaki sandukuni. Nimemsimulia baba juzi. Hajasema neno, alikwenda akalitoa akalianika juani, halafu akakaa karibu nalo mchana wote.

Sasa nina swali la mwisho kwa watu wa Kagera. Mzee anataka kwenda Kaboya, Muleba, kwenye yale makaburi ya mashujaa. Hajawahi kwenda hata siku moja. Anaamini yule kijana yuko pale na anataka aende na lile blanketi, nadhani anataka kuliacha, sijamuuliza. Tumepanga kutoka Musoma mpaka Mwanza, tulale, kesho yake tuvuke daraja jipya la Busisi tupite Geita na Biharamulo. Pale ni eneo la jeshi, kuna mtu anajua utaratibu wa kuingia raia siku ya kawaida? Kibali kinaombwa wapi? Mzee anaenda kwa mkongojo, wale wengine wawili nao wanasema wanakuja, na baba yangu.

Binti_Missenyi

Kaka ruhusa mwombe mapema, andika barua kupitia kwa mtendaji wa kwenu ieleze mzee alikuwa mgambo wa vita, uje nayo pamoja na vitambulisho vyao, na mimi shemeji yangu yuko Muleba nitamwambia aulizie pale getini kabla hamjatoka Musoma. Nitumie namba inbox.

Na msirudi moja kwa moja. Nimemsomea bibi ulichoandika chote. Amesema mfike Missenyi, hata kama ni usiku. Amenituma leo asubuhi kununua unga wa muhogo, nimemwambia bibi safari yenyewe bado, amesema ununue.

kijana_wa_mwaloni

Tunakuja watano.